Chinsaga ya Kulala

Ukitaka kumjua mpishi hodari wa Kisii au Nyamira, onja chinsaga yake uutafute uchungu. Usipouona kabisa, ujue mboga imechemshwa na kuchujwa hadi ikapoteza asili yake. Ukikukaba koo, mpishi alikuwa na haraka. Kwa mwenye mkono, maziwa hutangulia, chumvi ikafuata, na uchungu huja mwisho kabisa nyuma ya ulimi, ukakaa kidogo na kuondoka, nawe ukajikuta unamega tonge jingine. Mizani hiyo haipatikani kwa kupima vijiko. Inataka muda, na inataka mtu anayejua muda unafanya nini ndani ya chungu.

Naipenda kazi hii, na sioni ikisifiwa inavyostahili. Pilau ya Mombasa ina watu wa kuiimba, na samaki wa Kisumu vilevile. Mlo wa jioni wa Gusii, yaani obokima, ugali wa wimbi, kwa chinsaga iliyotiwa maziwa, huhesabiwa kuwa chakula cha nyumbani tu, kisichohitaji maelezo. Nadhani sababu ni uchache wa viungo: jani, maziwa, chumvi, unga na maji. Lakini penye viungo vingi kosa hupata pa kujificha, na hapa halipati. Anayepika chinsaga anapika hadharani hata akiwa peke yake jikoni.

Tuanze na jani. Chinsaga ndiyo ile ambayo wengine huiita saga au mgagani, na Waluo akeyo. Shina lake lina vinyweleo vinavyonata, na jani lake limegawanyika, mara nyingi vipande vitano, kama kiganja kilichokunjuliwa. Kuna ya shina la kijani na ya shina la zambarau, na kila nyumba ina upande wake. Harufu yake ni kali kiasi kwamba wadudu wengi huikwepa. Watafiti wa kituo cha ICIPE nchini Kenya walionyesha miaka ya 1990 kwamba hufukuza hata kupe. Huota upesi. Wiki chache baada ya kupandwa, miche iliyosongamana hung'olewa na kuliwa, na ile inayobaki huchumwa ncha zake mara kwa mara. Mwenye bustani hapiti karibu nayo bila kuikata vichwa vya maua, kwa sababu mmea ukishaanza kuzaa mbegu majani hupungua na kuwa magumu.

Vilima vya Gusii vinaipenda mboga hii. Sehemu kubwa ya Kisii na Nyamira iko juu ya mita 1,500, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na udongo ni mwekundu na mzito. Mashamba ni madogo mno, yamegawanywa baba kwa mwana mara nyingi. Huko Nyamira chai imechukua miteremko, lakini kipande cha nyuma ya nyumba, karibu na boma la ng'ombe ambako samadi haisafiri mbali, hubaki cha mboga. Anayetoka kuchuma chai na kuipeleka kituo cha kununulia hupitia hapo jioni, kikapu kikiwa bado mgongoni, akakusanya mboga ya kesho. Nasema ya kesho kwa makusudi. Ya leo ilichumwa jana.

Asiye na shamba huenda sokoni. Pale Daraja Mbili mjini Kisii, au Keroka, mji ambao kaunti mbili zinagawana, chinsaga hufika kwa magunia yenye unyevu. Mnunuzi anayejua haulizi bei kwanza. Huchomoa shina moja kutoka katikati ya fungu, si juu ambako muuzaji amepanga mazuri, akalivunja. Likikatika kwa mlio, ni changa. Likijipinda na kuacha nyuzi, hulirudisha na kuhamia kwa jirani. Magunia mengine hupakiwa kwenye magari ya usiku kwenda Nairobi, ambako Wagusii na wasio Wagusii huyasubiri alfajiri.

Kisha huja kuchambua, na hapa ndipo mapishi yanapoanzia hasa. Wapishi ninaowaheshimu hawapitishi kisu kwenye chinsaga. Huivunja kwa vidole, shina baada ya shina, kwa sababu kidole huhisi ugumu ambao jicho halioni. Ncha laini hubaki pamoja na majani mawili au matatu yanayoifuata, kikonyo kigumu hutupwa, ua hutupwa, jani lenye madoa hutupwa. Ungo mzima wa majani mabichi utasinyaa hadi robo, kwa hiyo kwa familia ya watu wanane kazi hii hula alasiri. Haifanywi kimya. Habari za kijiji hupitia kwenye ungo huo: nani amelipwa bonasi ya chai, nani anaoa, ng'ombe wa nani amezaa. Mikono haisimami. Baadaye mboga huoshwa kwa maji zaidi ya mara moja, maana udongo hung'ang'ania vinyweleo, na hakuna aibu jikoni inayoshinda mchanga ndani ya mboga.

Maji ya kuchemshia huwa machache. Majani hutiwa kwa mafungu, fungu la kwanza likisinyaa ndipo la pili linakandamizwa juu yake, chumvi ikafuata. Yanaiva pale shina linapobonyea kati ya vidole viwili bila kuvunjika vipande. Na hapa pana mgogoro wa miaka mingi: umwage maji ya kwanza au usimwage? Kumwaga ni njia ya mkato ya kupunguza uchungu, na wengi wameifuata. Hasara yake ni kwamba vitamini C huyeyuka katika maji na kuharibika kwa moto, kwa hiyo kinachomwagwa ni sehemu ya chakula chenyewe. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambaye utafiti wake umesaidia sana kuzirudishia mboga za asili heshima nchini Kenya, ametumia miaka mingi kuonyesha utajiri ulio ndani ya majani haya. Ukishaujua, mkono husita kabla ya kumwaga.

Mpishi wa Gusii ana njia nyingine, na naiona ya busara zaidi. Hauondoi uchungu, huutafutia wenzake. Huchanganya chinsaga na enderema, ambayo ni laini na yenye mlenda, au na rinagu, ambayo ndiyo managu, au na majani ya maboga, risosa, yenye utamu wa chinichini. Uchungu uleule ukagawanywa katika majani mengi zaidi. Mwenye uzoefu hujua pia kwamba chinsaga ya kiangazi huwa kali kuliko ya mvua, akaongeza enderema bila kuambiwa na mtu.

Ndipo maziwa. Yanatiwa kidogo kidogo, moto ukiwa mdogo, chungu wazi. Hayatiwi yote kwa pamoja, kwa sababu yatafurika, na hata yasipofurika yatabaki maji yanayoelea juu ya mboga. Yakitiwa kwa awamu na kuachwa yapungue, yanakuwa mazito na kulishika jani. Sehemu ya uchungu hunaswa na protini na mafuta ya maziwa, kwa hiyo ulimi hauupati wote. Kisha chungu huepuliwa, hufunikwa, na huachwa. Kesho hupashwa moto tena, maziwa kidogo yakaongezwa, kikarudishwa pembeni. Chinsaga ya jioni ya pili ni mboga tofauti kabisa na ya jioni ya kwanza: rangi yake imeelekea weusi, harufu ile kali imetulia, na maziwa hayaonekani tena ingawa yapo kila mahali. Hiyo ndiyo chinsaga iliyolala. Mama aliyejifungua hupewa hiyo, kwa imani ya wazee kwamba hurudisha damu, na mgeni wa heshima hupewa hiyo pia.

Kuna mji wa mbali unaoitegemea hila hii ya maziwa, na mchuzi wake umefika hadi kwetu. Siku hizi vijana wa Kisii mjini hupenda tambi kwa mchuzi wa nyama ya kusaga, na pakiti za tambi zimepata nafasi yake kwenye rafu za maduka makubwa. Ni chakula kizuri kikipikwa vizuri, na anayekipika kwa ajili ya watoto wake jioni simlaumu hata kidogo. Lakini mara nyingi mchuzi huo hupikwa kwa dakika ishirini, nyanya ikabaki na ukali wake na nyama ikabaki na chembe ngumu. Kule Bologna, Italia, ambako mchuzi huo una kwao, Chuo cha Upishi cha Italia kiliweka kumbukumbu ya namna ya kuupika katika Chemba ya Biashara ya mji huo mwaka 1982. Viungo vyake ni nyama ya ng'ombe, nyama ya tumbo la nguruwe, karoti, figili ya majani, kitunguu, nyanya, mvinyo, na maziwa. Hutokota kwa muda mrefu juu ya moto mdogo, na maziwa huongezwa polepole ili kuutuliza ukali wa nyanya. Nilipolijua hilo sikushangaa. Mama wa Nyamira na mama wa Bologna hawajawahi kukutana, lakini mmoja angeweza kukaa jikoni kwa mwenzake bila mkalimani, akajua wakati wa kupunguza moto. Mwenye kutaka kuupika mchuzi wa tambi ipasavyo huku Gusii ana walimu karibu. Awaulize wanavyopika chinsaga.

Sasa obokima, na hapa nitakawia, kwa sababu wimbi ni nafaka yenye historia ndefu kuliko falme nyingi. Ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia maelfu ya miaka iliyopita, ukavuka bahari hadi India, ambako huitwa ragi na mamilioni ya watu huula hadi leo. Gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, kiasi ambacho mahindi na mchele hayakikaribii. Punje zake ni ndogo mno kiasi kwamba fukusi hapati nafasi ya kuishi ndani yake, kwa hiyo wimbi uliokaushwa vizuri huweza kukaa ghalani miaka mingi. Kwa Wagusii wa zamani ghala la wimbi lilikuwa ndiyo bima ya ukoo. Ulitoa uji, erongori. Ulitoa pombe ya sherehe, amarua. Na ulivushwa hadi kwa majirani Waluo wa nyanda za chini kubadilishwa na vyungu, ambavyo huenda ndivyo vilivyopikia chinsaga.

Lakini kulima wimbi ni kazi ya kuinama. Miche yake inafanana sana na gugu la ukoo wake, na palizi huwa mtihani wa macho: mwenye pupa hung'oa chakula akaacha magugu. Kuvuna ni suke moja moja kwa kisu kidogo. Mahindi yalipokuja yakiwa na hindi moja la kushika mkononi, wengi walihama, na chai ikamaliza kilichobaki. Leo sehemu kubwa ya wimbi unaouzwa katika masoko ya Gusii hutoka Uganda na Tanzania. Nyumba inayopika obokima wa wimbi siku ya kawaida imeamua kufanya hivyo, maana unga wa mahindi ungetosha na ni rahisi zaidi.

Kwanza wimbi hupepetwa, halafu huoshwa kwa namna ya kuyumbisha: nafaka huzungushwa ndani ya maji, nyepesi ikaelea na kumiminwa, mchanga ukabaki chini. Hurudiwa hadi chini pasiwe na kitu. Hukaushwa juani juu ya mkeka, na vipande vya muhogo mkavu huongezwa ili kuufanya ugali ushikamane. Wengine huongeza mtama kidogo. Mashineni, mwenye kujali huuliza nani aliyetangulia kusaga. Kama yalikuwa mahindi, atasubiri mwingine wa wimbi apite kwanza, ili unga wake usichanganyike na mabaki.

Maji yakichemka kwa nguvu, unga kidogo hutiwa na kukorogwa hadi uwe uji mwepesi. Uji huo ukianza kurusha mapovu ndipo unga wenyewe unapomiminwa, ukaachwa dakika moja au mbili mvuke uupenye, kabla mwiko haujaingia. Aliyezoea mahindi hukosea hapa. Mahindi hukaza upesi na kukupa moyo. Wimbi hunata, huvuta, huushika mwiko usitoke. Nguvu haitoki mkononi, inatoka begani na kiunoni. Mpishi hushikilia sufuria kwa kitambaa, akasukuma unga ukutani mwa sufuria, akaukunja, akaugeuza, akausukuma tena. Hakuna saa inayotazamwa. Kuna harufu: mwanzoni ni ya udongo mbichi, halafu hugeuka ikawa ya nafaka iliyokaangwa. Kuna rangi: hudhurungi hafifu hukolea ikakaribia weusi. Na kuna sauti, ambayo mimi naiamini kuliko vyote. Unga usioiva hutoa mlio wa maji unapokandamizwa. Ukiiva, mlio huo hukoma na ugali wote hutoka ukutani kwa pamoja.

Mwisho hufinyangwa. Mpishi hulowesha nusu ya kibuyu, akauzungusha obokima ndani yake mpaka uso wake ung'ae bila mkunjo, kisha akaupindulia kwenye ekee, kile kikapu cha duara kilichosukwa kwa kukazwa. Ekee hunywa jasho la ugali, kwa hiyo sehemu ya chini haigeuki majimaji kama inavyofanya kwenye sahani ya bati. Nyumba nyingi sasa hutumia sahani, na ndiyo maisha, lakini aliyewahi kula kutoka kwenye ekee hutambua tofauti kabla ya tonge la tatu.

Nyama ikiwepo huja pembeni, imechemshwa taratibu na kutiwa kitunguu na nyanya. Isipokuwepo, hakuna anayeuliza. Amabere amaruranu, maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu, humalizia mlo.

Familia hula usiku, baada ya maji ya moto kupitishwa kwa mikono na baada ya sala. Sala hiyo inagusa upishi kuliko mtu anavyodhani. Waadventista walijenga misheni yao Nyanchwa, kilimani pale mjini Kisii, muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo kanisa lao ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa Gusii. Kwao Ijumaa ni siku ya matayarisho: jua likizama, mapishi yanasimama, na cha Jumamosi huwa kimeshapikwa. Vyakula vingi huadhibiwa na utaratibu huo. Chinsaga hunufaika nao. Inayotelekwa Ijumaa alasiri hulala usiku wote wa Sabato, ikapashwa tu baada ya ibada, na mezani ndiyo huwa bora ya wiki nzima.

Ufundi huu hauna shule. Robert na Barbara LeVine, Wamarekani waliokaa na familia za Gusii kati ya 1955 na 1957, waliandika jinsi watoto walivyokabidhiwa kazi za nyumbani mapema, hasa kulea wadogo zao, na upishi nao ulifundishwa kwa njia hiyohiyo. Mtoto huanzia kwenye ungo wa kuchambua. Akishaaminiwa, hupewa kulinda maziwa yasifurike. Obokima huja mwisho, anapokuwa na bega la kuusukuma. Hakuna anayemwambia "sasa umehitimu". Siku moja magokoro, yaani nyanya, huonja chunguni, akaweka mwiko chini, akatoka nje bila kuongeza chumvi. Mjukuu huelewa.

Mwaka 2021 UNESCO iliingiza juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili katika rejesta yake ya mifano bora ya kuulinda urithi. Nilifurahi, na ninaamini heshima hiyo ilichelewa. Bado, jani haliivi kwa rejesta. Linaiva kwa sababu mtu fulani huko Embakasi au Kangemi jijini Nairobi, mtoto wa Nyamira aliyehamia mjini, amenunua fungu la chinsaga lililosafiri usiku kucha, amelichambua akitoka kazini, na sasa amempigia mama yake simu, sufuria ikiwa jikoni.

"Mama, nimetia maziwa, lakini bado ni chungu."

"Umeyatia leo?"

"Ndiyo."

"Sasa unaharakisha kwenda wapi? Zima moto, funika. Kesho tia maziwa mengine kikombe kimoja, moto uwe mdogo, halafu unipigie kabla hujaonja. Na ule unga wa wimbi niliokutumia, uliumaliza?"